Plasta kwenye kidole gumba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Uani mwa kituo cha magari ya wagonjwa, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja ameketi nyuma ya gari, anajifunga plasta. Hana jeraha. Anaizungusha mara tatu kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, anaikata kwa meno, kisha anaanza kukagua mtungi wa oksijeni.

"Dada Plasta, kidole hakijapona tu?" anamtania dereva wake, mwanamume mnene ambaye kituo kizima humwita Breki.

"Kikipona utakuwa wa kwanza kualikwa kwenye sherehe."

Breki anacheka. Yeye hacheki.

Ni mhudumu wa gari la wagonjwa kwa mwaka wa tisa sasa, zamu za saa kumi na mbili kila moja. Amewafundisha wahudumu wapya kumi na wanane, na kila mmoja alianza naye kwa somo moja: mapigo ya mgonjwa hupimwa kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Gumba marufuku. Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, na mwenye haraka anaweza kujipima mwenyewe akidhani anampima mgonjwa.

Miezi kumi na minne iliyopita waliitwa kwenye jengo lisilo na lifti. Ghorofa ya nne, fundi bomba wa miaka thelathini na minne alikuwa ameanguka sebuleni kwa mama yake. Mhudumu alipanda mbio, begi mgongoni, akimwacha Breki nyuma na machela.

"Nilifika juu moyo unataka kunitoka mdomoni," anasimulia. "Mama yake ameshika miguu ya mwanawe, ananiangalia mimi. Nikapeleka mkono shingoni, na kilichofika kwenye mshipa kilikuwa gumba. Nikasikia du, du, du. Mia na thelathini kwa dakika. Nilifurahi, jamani! Nikamwambia, 'Mama, mapigo yapo.'"

Kwa kuwa mapigo yalikuwapo, hawakumkandamiza kifua kuuamsha moyo. Walimfunga kwenye machela wakashuka naye taratibu, dakika saba. Ndani ya gari akamfunga nyaya za mashine ya moyo.

"Mashine ikachora mstari ulionyooka. Na gumba langu lilikuwa tena shingoni kwake, bado linasikia mapigo." Anaigusa plasta, anayoifunga tangu siku ile. "Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mkononi."

Alimkandamiza kifua njia nzima. Hospitalini walitangaza kwamba amefariki. Alieleza kosa lake kwa maandishi, wakubwa wakasoma, wakampa onyo, faili likafungwa. Aliambiwa huenda kijana asingepona hata hivyo.

"Hiyo 'huenda' ndiyo inayoniua," anasema.

Daktari anayemwona tangu wakati huo anaeleza jambo ambalo mwandishi huyu hakuwa amelifikiria. "Moyo ukienda mbio, hauji na maelezo. Ubongo ndio unaotafuta sababu, na mara nyingi huokota iliyo karibu. Siku ile alitamani mtu yule awe hai, ubongo ukampa furaha. Sasa moyo ukienda mbio kwa lolote lile, ubongo unamrudisha sebuleni kwa yule mama."

Kwa lolote lile, kweli. Hakimbilii basi tena. Kahawa ameacha. Nyumbani ana binti wa miaka saba, mtundu, fundi wa kuwaiga walimu wake.

"Alikuwa akinichekesha mpaka nakosa pumzi. Siku hizi moyo ukishaanza tu kupiga kwa kicheko, nalia. Mtoto ameacha kunichekesha. Anatembea nyumbani kimyakimya kama mgeni."

Mama wa marehemu hajui lolote. Humpigia simu kila mwezi. "Mwanangu," humwambia, "wewe ndiye wa mwisho kuusikia moyo wake."

Mara tatu mhudumu amekwenda kumweleza ukweli. Mara mbili aligeuka ghorofa ya pili, moyo ukienda mbio, hofu imemkaba. Daktari akamshauri: huenda ni ngazi tu, kaa, moyo utulie, uone kitakachobaki. Mara ya tatu alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, akajipima kwa vidole viwili.

"Sabini na mbili. Moyo umetulia kabisa, na hofu ipo palepale. Nikajua basi, si ngazi." Akashuka.

Alituomba tusichapishe habari hii mpaka awe ameshaonana na mama huyo. Tulisubiri Jumapili tatu. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikaliweka daftari kando. Juzi akapiga simu.

"Chapisheni," alisema. "Mama macho yake hayaoni vizuri, husomewa gazeti na binti yake kila asubuhi. Atajua ni mimi kabla hawajafika katikati."

Nilimuuliza kama ana hakika.

"Sina. Lakini siku itakapotoka sitakuwa zamu. Nitakuwa nimeketi ghorofa ya tatu, kwenye zile ngazi. Akiniita nitapanda. Akitaka kunifukuza, nisiwe mbali."