Mwiko wa Jikoni Kianjokoma

Jumamosi, kwenye duka la viungo mjini Embu, mama mmoja wa Kianjokoma aliyenitangulia aliomba viungo vya jollof, ule wali mwekundu wa Nigeria.

"Ni wa bibi ya kijana yangu," alimwambia mwenye duka. "Ametoka huko. Alijifungua mwezi uliopita, na maharagwe yetu meusi ya njahi tunayopikia waliojifungua yamemshinda kula."

"Na huo wali hujawahi kumpikia?"

"Nilipika juzi. Nyanya, pilipili, kila kitu vile aliniambia. Halafu nikaongeza viazi, nikaponda." Akakunja ngumi, akaisukuma chini kama anayeponda mukimo, chakula chetu cha viazi vya kupondwa. "Alikula, akasema asante mama. Lakini machozi niliyaona."

Mwenye duka aliacha kupima. "Basi leo usiponde, mama."

"Huu mkono ukiona sufuria unaponda tu. Leo mwiko atashika yeye. Mimi nitashika mtoto."

Akafunga viungo kwenye ncha ya leso, akaenda zake.

Huku kwetu nimeona mama akimkatia mwanawe kipande cha shamba bila maneno mengi. Wa kumwachia mke wa mwanawe mwiko, tena jikoni kwake mwenyewe, huyo ndiye wa kwanza.