Spring kwa Kiswahili

Jumapili mgombea udiwani alikuja kanisani kwetu huku ugenini, Joubert Park. Mimi, mwenye digrii isiyoleta kazi, nikawa mkalimani wa bure. "Spring is here!" akanguruma. Eish! Kule tulikotoka hakuna spring, hayo majira ya maua; Septemba ni mvua. Nikatafsiri: "Mvua zimeanza!"

Vigelegele! Kwaya ikapandisha ngoma. Mgombea akapunga mkono kama keshashinda, na sisi wakimbizi hata kura hatuna. Mama mmoja msusi, mtu wa Bukavu, akanivuta shati, macho yamelowa.

"Mwanangu, na vita je? Barabara ya kwetu imefunguka? Nirudi nikapande maharagwe."

"Anasemaje?" mgombea akaniuliza.

"Anaulizia barabara ya kwao."

Akamshika mama bega, akaahidi kuitia lami.