Ubani Chini ya Dirisha la Baba Mkwe

Mume wangu aliniambia baba yake anakuja kukaa nasi Chamazi na mizigo mitatu. Hakuniambia kwamba mmoja unapumua.

Kulikuwa na begi la nguo, redio, na sanduku la mbao lenye matundu ubavuni. Ndani ya sanduku alilala chatu. Baba mkwe ni Msukuma, na ujana wake wote aliumaliza kwenye ngoma za nyoka, anajiviringishia joka shingoni huku vijiji vizima vimekusanyika kumtazama. Sasa magoti yamechoka, macho yana ukungu, wenzake karibu wote wameshazikwa, na katika kundi lile amebakiwa na huyo chatu jike peke yake. Yeye alimwita "mwenzangu". Mimi nilimwita majina yasiyoandikika.

Bahati nzuri desturi ilinilinda. Kwao mke wa mtoto haingii chumbani kwa baba mkwe, hamtazami usoni, wala hapigi naye soga. Nilikuwa naweka chakula kwenye stuli nje ya mlango, nasema "Shikamoo baba," sauti inajibu kutoka ndani "Marahaba, mama," basi, tumemalizana. Wapo wanaolalamika kwamba desturi hiyo ni nzito. Mimi, nikikumbuka nani mwingine alikuwa humo chumbani, niliipenda kwa moyo wangu wote.

Ila mimi ni Mzaramo, na nyumbani kwetu Alhamisi jioni lazima pafukizwe ubani. Mama yangu alipokuja kutoka Kurasini na kusikia habari za chatu, chai hakuimaliza. Juma lililofuata alirudi na mfuko mzima wa ubani.

"We mwanangu, fukiza! Nyoka na ubani havikai nyumba moja. Ataondoka mwenyewe, wala hutamwambia mtu neno."

Nikaacha mambo ya Alhamisi, nikawa nafukiza kila siku. Chetezo nilikiweka nje, chini ya dirisha la baba mkwe, upande ambao upepo unaingiza moshi ndani. Mume wangu akiuliza, namwambia ni dawa ya mbu.

Chatu hakuondoka. Aliacha kula tu.

Zamani alikuwa akimeza kuku mmoja kila mwezi, bila maneno. Safari hii mume wangu alimtumbukizia tetea mzuri sandukuni, na kesho yake alipofunua alimkuta tetea mzima wa afya, ametulia katikati ya mikunjo ya chatu, na ametaga yai. Yai hilo sikulikaanga. Mimi nina mipaka yangu. Akaletwa sungura, naye akatoka salama. Mwishowe mume wangu, karani wa watu mwenye tai, alimfunga tetea yule kamba mguuni akawa anamchezesha mbele ya chatu huku akiimba nyimbo za ngoma za baba yake. Chatu akageukia ukutani.

Ningeendelea kucheka, ila mwezi wake wa tatu kwetu baba mkwe alipata kidonda mguuni. Ana sukari. Daktari alisema vidole viwili vikatwe juma hilohilo, maana wakichelewa kidonda kitapanda, na watakachokata baadaye ni mguu. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango na sahani ya ugali, nikamsikia mzee akimjibu mwanawe.

"Siendi. Nikilazwa, huyu atakufa njaa. Wewe hata kuku unamshika kama umeshika bomu. Ale kwanza, ndiyo niende."

"Baba, huyo ni nyoka tu!"

"Na mie ni mzee tu. Ale kwanza."

Siku ya kukatwa ikafika, ikapita. Harufu ya kidonda ikaanza kuushinda ubani wangu.

Kisha ubani ukaisha, na mama alikuwa Kisarawe msibani. Siku nne hatukufukiza. Siku ya tano mume wangu akaja jikoni mbio: chatu ameinua kichwa, ulimi unacheza, anamfuata tetea! Tulishangilia. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mama alikuwa amerudi na mfuko mpya, kwa hiyo nikafukiza kumshukuru Mungu. Asubuhi chatu alikuwa amejikunja tena, kichwa amekificha, na tetea anamdonoa mgongoni.

Hapo ndipo akili yangu, ninayoisifu sana mbele za watu, ilipoamka. Nyoka hunusa kwa ulimi. Miezi mitatu nilikuwa nimeujaza ulimi ule moshi, hajui kuku yuko wapi na chetezo kiko wapi. Na mzee alikuwa anaoza mguu akisubiri nyoka ale. Niliona aibu.

Nikaumwaga ubani wote chooni. Mume wangu alikuwa kazini. Nikachukua ndoo na tambara, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, naomba niingie."

Redio ikazimwa. "Ingia."

Niliingia nikiitazama sakafu. "Baba, nyoka hali kwa sababu yangu. Ni ubani wangu."

"Najua."

"Toka lini?"

"Toka wiki ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema? Na mguu wote huo!"

"Nyumba ni yako, mama. Nimekuletea joka bila kukuuliza. Na moshi wako nao nikukataze?"

Nilitaka kumkasirikia; nikachovya tambara kwenye ndoo. Nikafuta kuta, nikafua pazia, nikapiga deki hadi chini ya sanduku, nikisoma Ayatul Kursi bila kupumzika. Siku ya tatu chatu alimmeza yule tetea wa yai. Mume wangu akapiga vigelegele kama shangazi wa bwana harusi. Kesho yake asubuhi mzee akavaa koti, akaenda hospitali.

Walikata vidole vitatu: viwili vya daktari, na kimoja cha kuchelewa.

Aliporudi, mama alikuja kumpa pole. Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo pole yenyewe ilikuwa matusi. "We Msukuma, vidole umeviacha wapi? Umevitowelea ugali?"

Baba mkwe, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni.

"Chatu nimelala naye miaka yote, hajanila hata ukucha. Nimekaa kwa Mzaramo miezi mitatu tu, kidole kizima kimekwenda."

Mama, ambaye hakujua ubani wake umefanya nini, alicheka hadi khanga ikamdondoka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa neno la mtani haliwekwi moyoni. Hilo nimeliweka.