Nimeshonea Wenzangu Vyeo, Mimi Sina Hata Mstari Mmoja

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kwa kitanda nikishona mstari wa cheo kwa mkono wa shati ambalo si langu.

Masaa manne baadaye nikawa nimemfokea Chief mbele ya kikosi kizima.

Mimi, Milcah. Mtu huogopa hata kuitisha chumvi mezani.

Ngojeni nianze vizuri.

Tunaishi Al Thumama, mimi na mum. Mum ni nesi. Kila Jumamosi mimi huenda kadeti, kikosi cha vijana cha wanamaji, hapa hapa Doha. Gwaride, mafundo ya kamba, kuogelea, kusoma ramani ya bahari. Mkubwa wetu ni Chief Herbert, Mkenya mwenzetu. Kitambo alikuwa jeshi la wanamaji nyumbani, siku hizi ni supavaiza wa masekuriti kwa hoteli moja Al Sadd. Kwa kikosi anajitolea tu.

Huu ni mwezi wangu wa kumi na nne. Cheo? Sufuri. Mkono wa shati mweupe, safi, kama umetoka dukani.

Shati nililokuwa nashona ni la Melissa, jirani yetu wa juu. Ako na miaka kumi na tatu, aliingia Septemba. Fundo lake la kwanza maishani nilimfunza mimi.

"Usikaze sana uzi," ananiambia, amesimama hapo na chapati mkononi. "Nikipanda tena itabidi ifumuliwe."

Eti nikipanda tena!

"Kwani wewe utapanda lini, Milcah?"

"Wakiona niko tayari."

"Na si wewe ndiye unatufunza?"

Nikakata uzi kwa meno.

Hamjui vile hii kitu inaniuma. Mwezi ujao, Februari, kuna meli ya mafunzo, wiki nzima baharini mpaka Muscat. Kuipanda lazima uwe na mstari mmoja. Na Julai mkataba wa mum unaisha, tunarudi Eldoret. Sasa Eldoret nitapanda meli gani? Ya kuvuka shamba la mahindi?

Nikimlilia mum, jibu ni lile lile. "Mama, tulia. Fanya kazi yako. Wakubwa wana macho."

Basi nikafanya kazi. Mimi ndiye wa kwanza kufika. Mimi ndiye nawapangia wadogo buti. Mafundo yote najua, hata nikifungwa macho.

Macho ya wakubwa nayo yako wapi?

Leo kwa gwaride Melissa akaitwa mbele. Makofi. Mstari wangu, yaani ule nilioshona, unang'aa kwa mkono wake.

Halafu kama kawaida ikatolewa ile meza.

Iko hivi. Kila baada ya miezi miwili, gwaride likiisha, meza inatandikwa kitambaa cha bluu, Chief anaketi, watu wanapanga laini. Mmoja mmoja anapiga saluti, anaongea kidogo, anaenda. Siku ilipoelezwa mara ya kwanza sikuwepo, mum alikuwa shifti na sikuwa na wa kunileta. Mimi nilijua ni meza ya wenye shida. Umepoteza bereti, unataka ruhusa, unaenda hapo. Mimi sina shida na mtu, kwa hivyo meza ikitoka mimi huingia stoo kukunja kamba.

Nikiwa huko, Bradley, kadeti mwenzangu, akachungulia.

"Mama Kamba! Ukistaafu watakupea hii stoo iwe yako!"

Wenzake wakacheka. Melissa pia alicheka.

Sijui nini kilinishika. Nilitoka na kamba bado iko mkononi, nikapita laini yote, nikasimama mbele ya Chief. Hata saluti sikupiga.

"Chief, mimi nimekukosea nini?"

Laini yote ikageuka kuniangalia.

"Kadeti?"

"Miezi kumi na minne! Kila mtu nimefunza mimi. Kila mtu anapanda. Kama hunipendi si uniambie tu, nikae nyumbani!"

Machozi yalikuwa yamefika.

Chief hakukasirika. Alifungua faili, akatoa karatasi, akaigeuza nione.

Jina langu. Kuogelea, saini. Mafundo, saini. Gwaride, saini. Zote zimejaa tangu Machi mwaka jana.

Mstari mmoja tu, wa juu kabisa, ulikuwa wazi. Ombi la kadeti.

"Binti yangu," akasema polepole, "kwa wanamaji hakuna mtu huitwa kupanda. Mtu huja kwa meza, anaomba mwenyewe. Anayeogopa kuniomba mimi cheo, siku ya mawimbi ataamrishaje watu? Nimekaa hapa mara sita nikikungoja. Kila mara nakuona ukiingia stoo."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani hutaki. Kuna watoto hawataki cheo. Nikasema, huyu anapenda kamba zake."

Wallahi nilitaka sakafu inimeze.

"Haya, yalla," akasema. "Sema sasa. Maneno mawili tu."

Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu. Kufoka niliweza, kuomba nikashindwa. Nilikuwa nasikia AC tu, na Bradley akikohoa makusudi.

Chief akangoja. Akangoja tena. Akaangalia saa, ana shifti. "Majina ya meli yanaenda kesho saa kumi na mbili asubuhi. Niandikie kabla ya hapo. Mimi sitakubembeleza."

Meza ikakunjwa.

Nilimwambia mum alipotoka kazini. Alivua viatu vyake vya kazi, akasema, "Mimi pia sijawahi kuomba kupandishwa wodini. Mwaka wa tisa huu." Akaenda kuoga.

Hapo ndipo nilichoka kabisa na kungoja.

Sasa nyinyi mnaosoma, kama mko na mtoto mpole kwa nyumba, msimfunze tu kungoja aonekane. Mfunzeni pia kupanga laini na kusema anachotaka, kwa sababu kuna watu wazuri wanangoja kusikia tu, na wao pia hawatasema.

Meseji nimeandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa na samahani tatu. Nikazifuta zote. Ile nimetuma ni hii:

"Chief, ni kadeti Milcah Jebet. Naomba mstari wangu wa kwanza, na naomba jina langu liingie kwa meli."

Nimetuma saa tano na dakika arobaini usiku.

Saa saba na dakika nne tiki zimegeuka bluu, amesoma.

Sasa ni saa tisa kasoro. Hajajibu.