Madoa ya Wino ya Félicien

Félicien alirudi Uvira na shahada ya saikolojia, koti jeupe, na kadi za madoa ya wino alizozibeba kwapani hata alipokwenda kununua mkate. Mgonjwa angetazama doa, aseme anaona nini, naye Félicien angetabiri tabia yake wodini: nani atatulia, nani atatoroka. Hivyo ndivyo alivyomwahidi Dokta Geneviève, mkuu wa hospitali. Moyoni alikwisha kujiona akihutubia mkutano Kinshasa.

Alianza na mzee Ndahiro, mfugaji wa milima ya Rurambo aliyevunjika paja.

"Unaona nini, mzee?"

"Iko ng'ombe."

"Na hapa?"

"Iko ng'ombe. Hii imelala."

Kadi zote, ng'ombe tu. Félicien akahitimisha kwamba roho ya mzee imeshapanda milimani, na mwili utaifuata wakati wowote.

Mama Anne-Marie, mwalimu wa Nyamianda mwenye kidonda cha kisukari mguuni, aliona vipepeo, maua, na malaika wawili wakisalimiana. Huyo, Félicien aliamua, hana matata kabisa.

"Mlinzi wa getini ahamie kwa mzee," alimwambia dokta.

"Yule ambaye mguu wake tumeufunga kwenye uzito?"

"Dokta, saikolojia haiangalii mguu."

Maneno hayo yalimtoka mwenyewe, wala hakulazimishwa na mtu. Hadi leo akiyakumbuka, masikio humwaka moto.

Dokta alikuwa akikimbilia upasuaji. Akakubali kwa kupunga mkono. Jumamosi asubuhi geti likabaki bila mtu. Félicien akipita hapo alimkuta Mama Anne-Marie amevaa kitenge kipya, mfuko mkononi. Akadhani ameruhusiwa kurudi nyumbani. Akamfungulia geti, akambebea na mfuko hadi kwenye pikipiki, akamtakia safari njema.

Kesho yake wanawe walimrudisha akiwa na homa kali, mguu umevimba hadi gotini. Kumbe alikuwa amekwenda mtaa wa Kavimvira, kucheza kwenye harusi ya binti yake Jolie. Dokta alihangaika na kile kidonda mchana kutwa. Mguu ulipona, lakini kidole kimoja kilikatwa. Félicien alisimama pembeni ameshika beseni, kazi pekee waliyomwamini nayo.

Mama alipopata nguvu ya kuzungumza, Félicien aliketi kando ya kitanda.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, weye uliniuliza mambo ya wino. Ya binti yangu hukuuliza."

Akainuka, akaenda kwa Ndahiro na aibu yake yote.

"Mzee, kweli ulikuwa unapanga kutoroka?"

Mzee akautazama uzito unaoning'inia, kisha mlinzi anayesinzia kwenye kiti.

"Na mguu huu? Miye nilidhani huyu mmemuweka anifukuzie inzi."

"Sasa mbona kila kitu ng'ombe?"

"Ulitaka nione nini? Tangu nilazwe, mdogo wangu Gwiza hajaniletea habari zao."

Félicien akaomba namba, akatoa simu yake. Baada ya kujaribu mara nyingi, Gwiza akapatikana huko juu. Mzee akaanza kuulizia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina lake, kwa sauti ya mtu anayeita bonde zima, na wodi nzima ikacheka. Félicien alimshikia simu sikioni hadi mkono ukafa ganzi, akahamishia mkono wa pili.