Kiti cha Pili

Mtaani kwao walimwita Riboni, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa mpambaji wa sherehe, na hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikatoka bila kufungwa utepe: viti, nguzo, glasi, hata mpini wa kisu cha keki. Watu walitania kwamba ukisimama karibu naye muda mrefu utajikuta umefungwa ua kiunoni. Yeye hakukasirika. Biashara matangazo, na utani huo ulimletea wateja.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Akishamaliza kupamba alirudi mlangoni, akafumba jicho moja, akautazama ukumbi wote kwa pamoja. Jicho lililobaki lilimwonyesha penye upungufu, naye akaenda akapajaza. Wageni walipoanza kuingia alijibanza nyuma ya pazia au kwenye mlango wa jikoni, mkasi mkononi, pini zimepangwa kifuani, akivizia utepe utakaolegea. Hakuwahi kukaa kwenye sherehe aliyoipamba, hata ya ndugu zake. Mpambaji akikaa, alisema, sherehe nayo inakaa chini.

Mdogo wake wa mwisho waliishi wakimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na Riboni akaacha masomo akaenda kukata vitambaa dukani ili mdogo wake asome. Alimsuka, alimfulia, alimtetea kwa walimu. Watoto aliowazaa mwenyewe baadaye, wavulana watupu, walijua kabisa kwamba mama yao ana mtoto mkubwa kuliko wao. Kwa hiyo Kitinda alipokuja siku moja, mkono juu ya tumbo, kumwambia kwamba anataka kufanya bebi shawa, sherehe ya kumkaribisha mtoto kabla hajazaliwa, Riboni alishamaliza kupanga kichwani kabla chai haijapoa. Maputo mlango mzima, mapazia ya rangi mbili, tepe mpaka kwenye vitasa.

"Dada, mimi nataka vitu vichache," Kitinda alisema. "Vichache kabisa. Rafiki yangu wa ofisini atatusaidia mawazo. Yeye anasema nyumba lazima ipumue."

Riboni akaweka kikombe chini taratibu. Kilichomuuma si maputo. Kilichomuuma ni huyo rafiki. Mwanamke yule alikuwa amejua habari za mimba kabla yake. Kitinda alishajieleza kwamba hakuwa na la kufanya, alishikwa na kichefuchefu kazini na mwenzake ndiye aliyemshika kichwa akitapika. Lakini maelezo hayayeyushi donge. Yeye aliyemlea tangu hajui kufunga viatu aliambiwa wa pili, kama jirani. Tangu hapo, kila rafiki huyo alipotajwa, Riboni alisikia wivu ukimpanda kifuani kama kiungulia.

Wakakutana watatu sebuleni kwa Kitinda. Riboni alitarajia mwanamke wa maringo, na alikuwa amejiandaa kwa maringo. Akamkuta mtu mpole, sauti ya chini, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa na kuosha kikombe chake alipomaliza kunywa. Hilo lilimkera zaidi. Mtu mbaya unamchukia ukalala usingizi. Mtu mwema unamchukia huku nafsi inakusuta. Kila alichotaja Riboni, mgeni yule alitazama ukuta akasema kwa adabu, "Hapo tuache nafasi, dada." Mezani, tuache nafasi. Dirishani, tuache nafasi. Mwishowe Riboni akambandika jina moyoni, Bi Nafasi, na alipofika nyumbani akalitumia waziwazi.

Alimuuliza mumewe, fundi wa majokofu, kama bebi shawa bila puto hata moja ni sherehe au ni kikao cha wazazi shuleni. Mumewe akasema kikao cha wazazi hakina keki. Kisha akamtazama vizuri, akaongeza kwamba yeye haoni kama shida hapo ni puto. Riboni akamwambia arudi kwenye majokofu yake, hayo ndiyo yanayofanana na moyo wake.

Ila fahali wawili hawakai zizi moja, na Riboni hakuwa tayari kutoka zizini. Alilala na wivu wake, akaamka na shauri. Wanataka vitu vichache? Atawaonyesha vichache. Si Bi Nafasi mwenyewe aliyetoa sheria ya kuacha nafasi? Vizuri sana. Sheria ingeanza na vitu vyake.

Siku ya sherehe Riboni na Bi Nafasi walifika mapema kwa Kitinda kupanga. Makochi yalikwishahamishiwa chumbani, na sebule, tuseme ukweli, ilipendeza ikiwa tupu: sakafu inang'aa, mapazia meupe, mwanga wa asubuhi unaingia wote bila kugombana na kitu. Riboni akasimama mlangoni, akafumba jicho moja. Kwa mara ya kwanza hakutafuta pa kujaza, alitafuta cha kutoa. Jicho likamwonyesha chupa za kioo zenye maua meupe, kazi ya Bi Nafasi. Akabakiza moja. Likamwonyesha kitambaa cha meza alichokitarizi Bi Nafasi kwa mkono wake. Kikakunjwa, kikaingia kabatini. Kadi ndogo za kuandikia salamu nazo zikafuata. Kila alipoondoa kitu alisema kwa sauti tamu, "Tuache nafasi, mdogo wangu," na kila mara Bi Nafasi alitazama, akafikiri, akakubali kwamba kweli, sasa ni pazuri zaidi. Na kweli palikuwa pazuri zaidi. Hilo ndilo lililomtia Riboni hasira, maana alitafuta ugomvi akapewa sifa.

Kitu kimoja tu Bi Nafasi hakukikubali. Mbele ya dirisha palikuwa na kiti cha mbao cheupe, cha Kitinda. Bi Nafasi akaleta kingine kama hicho akakiweka ubavuni mwake. Riboni akakiondoa. Alipogeuka tena akakikuta kimerudi. Akakisogeza ukutani, kwenye viti vya wageni. Kikarudi.

"Hicho kiache, dada," Bi Nafasi alisema, na safari hii hakuyainua macho. "Kina mwenyewe."

Riboni alisikia masikio yakipata moto. Kina mwenyewe! Kwa hiyo haikumtosha kujua wa kwanza. Sasa anataka akae ubavuni mwa Kitinda mbele ya shangazi zao na majirani wote, apigwe picha, mtoto akikua aonyeshwe: huyu hapa ndiye aliyekuwa karibu na mama yako. Na aliyemfunga mama yako viatu yuko wapi? Yuko nyuma ya pazia na pini zake. Riboni akajikaza kisabuni, akangoja mpaka Bi Nafasi alipoingia chumbani kumsaidia Kitinda kuvaa, na hilo la kumvalisha nalo likawa kidonda juu ya kidonda. Kisha akakibeba kile kiti, akashuka nacho ngazi mpaka getini.

Mlinzi wa jengo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kama kawaida yake. Riboni akamwambia mtu mzima hakai juu ya ndoo, akamwekea kiti.

"Cha nani, mama?" mlinzi aliuliza.

"Hakina mwenyewe. Kaa."

Mlinzi akashukuru, akakaa, akanyoosha miguu. Riboni akapanda ngazi akiwa mwepesi, roho imetulia kwa mara ya kwanza tangu habari ile ya kutapika.

Wageni wakaja: shangazi zao, majirani, wenzake Kitinda wa ofisini. Wote waliingia wakasimama kwanza, wakatazama, wakashusha sauti bila kujua kwa nini. Shangazi mmoja aliuliza kama mapambo bado yako njiani. Wengine walisema hawajawahi kuona sebule iliyotulia namna ile. Riboni alisimama kwenye mlango wa jikoni na mkasi wake, akashangaa hana cha kufanya. Hapakuwa na utepe wa kulegea wala puto la kupasuka. Mikono ilimwasha.

Kitinda akatoka chumbani na gauni la kijani, Bi Nafasi nyuma yake. Akafika dirishani, akasimama. Akatazama kiti kimoja kilichokuwepo, kisha akatazama ubavuni mwake.

"Kile kingine kiko wapi?" aliuliza.

Bi Nafasi alielewa palepale. Alimtazama Riboni kule jikoni, kisha akatazama sakafu. Angeweza kumtaja kwa neno moja tu. Hakulisema, na kunyamaza kwake kulimchoma Riboni kuliko kama angesemwa mbele za watu.

"Nimekitoa mimi," Riboni akasema. "Kilikuwa kinajaza chumba."

Kitinda alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

"Dada, kilikuwa chako."

Kitinda akashika mgongo wa kiti chake, na alipoendelea hakusema kama mtu anayehutubia wageni, alisema kama walivyokuwa wakisemezana zamani wakisukana.

"Picha zangu zote haumo. Ya kumaliza shule haumo, ya harusi haumo. Kila nikikuulizia naambiwa yuko nyuma, anafunga kitu. Nikamwambia huyu mwenzangu, safari hii dada akae. Nikamwomba asikwambie, maana ungekataa. Ndiyo sababu nilitaka vitu vichache. Habari za nyumba kupumua nilisingizia tu. Nilitaka usiwe na kitu cha kufunga."

Riboni alitamani ardhi ipasuke immeze. Wivu alioulea miezi yote ile, akaulisha, akaubembeleza, ulikuwa umemtoa sebuleni mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye. Shangazi aliyeulizia mapambo akataka kujua kiti chenyewe sasa kiko wapi, na hapakuwa na namna ya kulijibu hilo kwa heshima.

"Getini," Riboni akasema. "Mlinzi amekikalia."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakamfuata, hata Kitinda, machozi yakiwa bado yako karibu. Bi Nafasi alikuwa ameshafika mlangoni, anavaa viatu akakilete. Riboni akamshika bega.

"Kaa, mdogo wangu. Nitakwenda mwenyewe." Mara hii neno hilo la mdogo wangu lilitoka bila sukari ya uongo, na wote wawili walilisikia.

Mlinzi alimwona anakuja, akakunja miguu.

"Naomba kiti, kaka."

"Si ulisema hakina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe."

"Nani?"

Riboni akaushika mgongo wa kiti.

"Mimi," akasema.

Mlinzi akakifuta kiti kwa kiganja, akampa, akarudi kwenye ndoo yake.

Picha ilipigwa na Bi Nafasi. Mtu asidanganywe kwamba wivu uliisha siku ile, kwani wivu wa miezi hautolewi kwa kiti kimoja. Keki ilipokatwa Riboni bado aliangalia nani kalishwa kwanza, na mtoto alipozaliwa alihakikisha kafika hospitali kabla ya mtu yeyote wa ofisini. Lakini picha ipo, iko sebuleni kwake, na ndicho kitu pekee katika nyumba ile kisicho na utepe. Dirisha, mapazia meupe, viti viwili. Kitinda anacheka. Riboni amekaa wima kama aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, pini bado ziko kifuani, jicho moja kalifumba, anatafuta kilichopungua. Kisichoonekana pichani ni mkono wa Kitinda, uliopita nyuma ya kiti ukaikamata kwa nguvu nguo ya dada yake, asije akainuka.