Dakika Arobaini Nje ya Mlango wa Jirani

Juzi mwalimu mkuu alinituma kusafisha stoo ya shule, na humo, nyuma ya madawati mabovu, nikakutana na kile kibao. Kama ulisoma Kenya zama zetu, unakijua: mbao nyeupe, maandishi mekundu, KIMYA, MTIHANI UNAENDELEA. "Hicho tupa tu," mwalimu mkuu aliniambia, "mtihani wenyewe haupo tena." Ni kweli. Mtihani wa darasa la nane umefutwa, na watoto ninaowafundisha hapa Mombasa hawaujui. Lakini mimi mwili ulinisisimka. Mtu mzima na heshima zangu, nilisimama stoo nikiogopa vile vile nilivyoogopa nikiwa na miaka kumi na miwili, nimeketi kwenye ngazi za jengo moja la Riyadh.

Baba alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ya huko, na alituchukua mimi na mama tukaishi naye mtaa wa Naseem, ghorofa ya kwanza. Nikifumba macho nasikia kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo, maji ambayo mama hakuyamwaga hata siku moja, aliyapigia deki. Ijumaa alikaanga mahamri, na harufu ya iliki ilikutana ngazini na harufu ya siki kutoka ghorofa ya pili. Huko waliishi Waislamu wa Kichina. Baba wa nyumba ile alikuwa mhandisi, na siku za mapumziko alitengeneza tambi kwa kuvuta unga kwa mikono, anauvuta na kuukunja, anauvuta na kuukunja, mpaka mimi mlangoni nimesahau nilichotumwa. Binti yao wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulizungumza Kiingereza cha shule na Kiarabu cha dukani, na tulipokwama tulicheka.

Rafiki yangu huyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Kila siku baada ya Alasiri aliketi mezani akitazama ukuta, mamake akatega saa ya kengele, na mpaka kengele ilie hakuna aliyeruhusiwa kubisha. Mlangoni walibandika karatasi yenye herufi nyekundu za kwao. Alinieleza maana yake: kimya, mtihani.

"Kwetu kuna kijitabu cha familia," aliniambia siku moja. "Kinasema mimi ni wa kijijini kwa babu. Nimesoma mjini, nimesoma hapa, lakini mtihani lazima nikaufanyie kule. Na watoto wa miji mikubwa wanaingia chuo kwa alama chache kuliko sisi."

Nikamwuliza kama haogopi. Akasema aliwahi kukificha kile kijitabu ndani ya gunia la unga, na safari ikaahirishwa wiki nzima. Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka, nililiweka neno hilo akilini.

Maana mimi nami nilikuwa na kijiji changu cha kurudishwa. Mtihani wa Kenya haukufanyiwa Riyadh. Ilikuwa lazima nirudi Mombasa kwa bibi, ambaye nilimjua kwa sauti ya simu tu, nianze darasa la saba huko. Nikishatoka, jina langu lingefutwa kwenye ikama ya baba, kile kibali cha kuishi Saudia, na nisingerudi tena kwa wazazi wangu. Nilipolia, mama alinivuta dirishani. Ilikuwa miaka ile wasichana wa kwetu walipokuwa wakimiminika Saudia kufanya kazi za nyumbani, na katika nyumba ya mkabala alikuwepo mmoja, dada mcheshi aliyeacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Alikuwa akisugua ua, jua likimwakia utosini.

"Unamwona yule?" mama alisema. "Si mjinga yule. Ana akili kukushinda wewe. Alikosa cheti tu. Wewe utarudi, ufanye darasa la nane kama watu."

Yule dada aliinua kichwa akanipungia mkono. Nilijificha nyuma ya pazia, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Basi jioni moja baba akatangaza kwamba kesho yake atampa ikama yake mandubu, yule mtu wa hospitali anayeshughulikia karatasi za wageni, niandikiwe viza ya kuondoka. Sikulala vizuri. Alfajiri baba alipokuwa akitawadha niliitoa ile ikama kwenye pochi yake, na mahali pake nikaweka kadi ya simu iliyokwisha, ili pochi isipungue unene. Kabla ya basi la shule kuja nilimpa rafiki yangu. Aliitazama, akanitazama. "Siku moja tu," akasema, na akaichomeka ndani ya kitabu chake kinene cha maswali.

Sikujua kwamba siku hizo msako wa wageni umeanza. Watu wazima walinong'ona tu, mtoto haambiwi. Alasiri simu ikalia. Mandubu hakufika kazini siku hiyo, na baba akirudi alishuka njiani kununua mkate, akasimamishwa, na pochini hamna ikama. Yuko kituo cha polisi, na wasio na karatasi watapakiwa kwenye basi kabla ya Magharibi, wapelekwe kufukuzwa nchini. "Tafuta kwenye shati la jana," alimwambia mama. Nilimsikia, sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alipindua nyumba. Alimwaga droo, akainua magodoro, akapekua hata kopo la mchele, huku akisema peke yake, "Ya Rabi, ya Rabi." Mimi nilichomoka nikapanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya pili. Mlangoni, ile karatasi ya herufi nyekundu. Ndani, saa inagonga.

Nikaketi kwenye ngazi nikangoja kengele.

Hebu fikiria. Baba yangu anakwenda kupakiwa, na mimi nangoja jirani amalize maswali yake. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Mtoto akiwa na mtihani hata paka hufukuzwa. Lakini nikisema ilikuwa adabu nitakuwa nakudanganya. Ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba mlango ukifunguliwa, kila kitu kitajulikana. Niliogopa kurudishwa, niliogopa baba asirudi, na hofu mbili hizo zilinishikilia pale pale. Chini nilimsikia mama akiburuta kabati. Kwenye saa yangu ya mkononi zilipita dakika arobaini.

Kengele ikalia. Rafiki yangu alifungua, akaona uso wangu, akarudi mezani. Alichomoa ikama kitabuni, akamwambia babake maneno mawili matatu ya Kichina, na yule mzee akatoka na kandambili zake akichukua funguo za gari. Tulimkuta mama amevaa abaya kinyume. Alipoiona ikama mkononi mwangu aliinyakua, akatangulia garini.

Kituoni, basi lilikuwa limewashwa, madirisha yana nyavu. Baba alikuwa kiti cha tatu, na sare yake ya maabara. Afisa aliigeuza ikama mara mbili, akaita, "Yalla, shuka." Baba alishuka taratibu, kama mtu aliyesahau ngazi zilivyo.

Garini, tulipokaribia nyumbani, baba akaanza. "Niliyekaa naye ni kijana wa Tanga," akasema. "Ikama yake imeshikwa na kafili, tajiri aliyemwajiri, na kafili hapokei simu. Yeye ameenda." Kisha akanigeukia. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa."

Nilirudishwa hata hivyo. Tulifanya umra, tukashinda Jeddah siku mbili, na kwenye maduka ya Sharafiya wakaninunulia sanduku la buluu lenye gurudumu moja bovu. Mama alilijaza tende na chokoleti, akalifunga, akalifungua tena bila sababu. Mtihani niliufanya, nikafaulu, na habari hiyo wazazi wangu waliipata kwa simu. Rafiki yangu naye alirudi kijijini kwao. Mara ya mwisho aliniandikia kwamba alama hazikutosha na anarudia mwaka. Namba ile haipatikani tena, na lile jengo nasikia limebomolewa.

Kibao sikukitupa. Nilikileta nyumbani, nikakiegemeza ukutani. Baba, ambaye siku hizi amestaafu na anaishi nami, alikisoma akacheka. "Kimya cha nini sasa, mwalimu?"

Ndipo nikamwambia. Si habari ya kuiba, hiyo alinisamehe zamani. Nilimwambia zile dakika arobaini, ambazo mama alikufa bila kuzijua. Nilimtazama mikono nisimtazame uso.

Alikipapasa kile kibao kwa kidole, herufi moja moja.

"Na yule binti," akauliza, "hatimaye alifaulu?"

Nikamjibu kwamba sijui.